Boliti Imeregea

Mzee Jonathan Odongo hakuwahi kuitikia shikamoo akiwa juu ya magurudumu. Hilo Misungwi nzima walilijua. Enzi zile alipokuwa Bwana Shamba, akizunguka vijiji vya pamba na tukutuku lake la Kiingereza (neno pikipiki hakulitaka, alisema ni la vijana wenye haraka), mtoto yeyote aliyemwamkia kando ya njia alimsimamisha. Mzee aliachia mafuta, akapunguza gia moja baada ya nyingine, akaliacha tukutuku likachoka lenyewe, akatua miguu yote miwili chini, ndipo akasema, "Marahaba." Kuitikia huku unakwenda zako, alisema, ni kumtupia mtu salamu kama unavyomtupia mbwa mfupa. Watoto walimgundua upesi. Wakawa wanajipanga nyuma ya minyaa, mmoja hapa, mwingine hatua ishirini mbele, na Bwana Shamba akafika mikutanoni wakulima wameshakwenda kula.

Adoyo, binti yake, alikuwa kiongozi wa watundu hao. Sasa ana miaka thelathini na tisa, ana gereji yake Pasiansi, mjini Mwanza, na kwa miaka kumi na moja alikuwa hajampa baba yake shikamoo hata moja.

Ilianza siku aliporudi nyumbani na cheti cha ufundi. Alikuta wageni sebuleni, akina Mzee Chenge na wenzake wa idara ya kilimo, na kwa furaha yake akasema mbele yao, "Baba, kuanzia leo tukutuku nitalihudumia mimi." Mzee akacheka, wageni wakacheka, kisha mzee akaacha kucheka. "Tukutuku hili," alisema, "halitaguswa na mwanamke." Basi. Adoyo alikusanya cheti chake, akasema, "Haya, mzee," na tangu siku hiyo salamu ikawa hiyo hiyo: habari za leo, mzee, za huko, mzee. Mama yake, Dorotea, alilia. Shangazi zake walimsema mpaka wakachoka. Mzee mwenyewe hakulalamika wala hakuomba radhi, alikuwa na kichwa kigumu kama aliyemzaa, na tukutuku akalipeleka kwa mafundi wanaume, mmoja baada ya mwingine, ambao kila mmoja alilirudisha likiwa bovu kidogo zaidi ya alivyolikuta.

Wiki tatu zilizopita akalileta Pasiansi juu ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, shokapu zote mbili za mbele zinavuja oili, usukani unakwenda upande. Hakueleza kitu. Alisema tu, "Chenge hajiwezi tena, yuko kitandani kwake Usagara. Anasema tukutuku langu sasa ni banda la kuku. Nataka alisikie Jumamosi." Akaketi kwenye benchi. Adoyo alimtazama, akalitazama tukutuku, akachukua spana.

Jumamosi yenyewe ikafika. Mzee alikuwepo tangu saa mbili asubuhi, kavaa koti lake la kazi la zamani, helmeti mapajani, macho hayabanduki. Adoyo alifunga shokapu chini ya macho hayo. Alipitisha sili mpya, zile pete za mpira, taratibu, amezipaka oili, maana sili ikikunjwa kidogo tu uvujaji unaanza upya. Alipima oili kwa bomba la sindano, kila mguu wa shokapu sawa na mwenzake, akahesabu kwa sauti ili baba yake asikie. Kisha ikaja kazi ya springi. Springi ya shokapu ile ni ndefu, inakaa ndani ya mguu ikiwa imebanwa, na wa kuibana ni watu wawili: mmoja anakandamiza kwa uzito wake wote, mwingine anazungusha kifuniko mpaka kishike. Yakobo, fundi mwenzake, alikandamiza. Adoyo alizungusha. Kifuniko kilishika, kikateleza, na springi ikaruka ikapiga bati la paa ikaangukia karibu na kiatu cha mzee.

Mzee aliitazama. Akaisukuma kwa ncha ya kiatu kumrudishia binti yake.

"Tena," Adoyo alisema, na jasho likimtoka. Mara ya pili kifuniko kilikaa.

Wakafunga gurudumu. Wakapitisha ekseli, ule mhimili unaopita katikati ya gurudumu na kuishika miguu yote miwili. Wakalipigisha tukutuku magoti, hivyo ndivyo Adoyo alivyoita: unashika breki ya mbele, unalikandamiza chini kwa usukani mara kumi, linapiga magoti na kuinuka, ili miguu ijipange yenyewe kabla hujakaza. Lilipiga magoti vizuri mno, bila mlio, bila kukwama. Adoyo akasikia furaha ikimpanda kifuani. Kilichobaki ni boliti moja, ile ndogo ya chini inayoibana ekseli isifunguke. Akaiweka, akaikaza, na boliti ikazunguka, ikazunguka, haishiki. Uzi wake ulikuwa umelika.

"Hii siyo ya madukani," alisema. "Ni ya kipimo cha zamani. Labda Mirongo, kwa Bernadeta."

Sasa, Yakobo. Yakobo alizaliwa Majita, ni fundi wa kuaminika kuliko wengi wa mji huu, ila herufi ya l ilimpiga chenga tangu utotoni. Boliti kwake ni boriti, na kila alipoiomba Adoyo alimuuliza, "Kwani unajenga nyumba?" Wakacheka, wakaendelea. Walifanya kazi pamoja miaka sita wakicheka hivyo.

"Yakobo, mimi nakwenda Mirongo," Adoyo alisema. "Wewe jaribu kuichonga upya hii ya zamani. Ikirejea mahali pake ikashika, nipigie."

"Sawa, dada."

Kwa Bernadeta huuzwa vyuma vya mashine ambazo wenyewe wameshakufa. Mama huyo alikaa katikati ya makopo, miwani puani, akichambua boliti moja moja bila haraka. Mlango wa pili fundi wa mageti alikuwa anakata chuma, cheche zinaruka, makelele hayaelezeki. Simu ikaita.

"Dada! Ire boriti ya zamani, nimei..." Chuma kikakatwa. "...imeregea!"

Adoyo alisikia imerejea.

Alisikia alichotaka kusikia, hilo yeye mwenyewe alikuja kulikiri baadaye. Alikuwa amemwambia apige ikirejea, kapiga, basi imerejea. Na nyuma ya hapo lilikuwapo neno ambalo alikuwa amesubiri kulitamka kwa miaka kumi na moja, limemkaa mdomoni, na sasa njia ilikuwa wazi.

"Mpe simu mzee," alisema.

Sauti ya baba yake ikaja, nzito. "Ehe."

"Tayari, mzee. Unaweza kwenda."

"Tayari?"

"Tayari."

Simu ikakatwa. Adoyo alisimama pale katikati ya makopo akitabasamu peke yake. Bernadeta akainua kitu kidogo cheusi. "Hii hapa. Nilijua ninayo." Adoyo akaipokea, akaitia mfukoni, itakaa akiba. Hakuwa amefika mlangoni simu ikaita tena.

"Dada, mzee ameondoka!" Yakobo alikuwa anahema. "Nirimpa simu nikaingia stoo kutafuta boriti nyingine, nikasikia injini, nikajua anapasha moto. Kutoka, simu iko benchini, yeye hayupo!"

"Najua. Nimemwambia aende."

"Umemwambia aende?"

"Si umesema imerejea?"

"Nimesema imeregea!"

"Ndiyo! Imerejea!"

"Hapana, dada! Imeregea! Inacheza! Nimeizungusha kwa kidore hiki kidogo!"

Fundi wa mageti alikuwa amenyamaza kubadilisha kisu cha mashine yake, na kwa mara ya kwanza Adoyo akalisikia neno lile lilivyo. Imelegea. Ekseli ya tukutuku lile hujifungua yenyewe polepole kwa mtikisiko, ndiyo maana mwenye kulitengeneza aliweka boliti ya kuibana. Bila boliti, kila shimo la barabara linaisogeza nje. Na breki ya mbele ndiyo mbaya zaidi: ukiishika kwa nguvu gurudumu linavutwa upande mmoja, ekseli inachomoka, na mzee wa miaka sabini na sita anaruka juu ya usukani.

Akampigia baba yake. Simu imezimwa. Bila shaka imezimwa. Mzee huizima kila anapopanda, akisema dereva na simu hawakai kiti kimoja.

Kutoka Pasiansi kwenda Usagara lazima upite katikati ya mji, karibu na hapo Mirongo. Adoyo alikimbia kuelekea barabara kubwa, spana na koleo zikimgonga pajani, na kabla hajafika akalisikia. Hakuna chombo kingine Mwanza chenye mlio ule, mzito, wa kuhesabika. Akalisikia kabla ya kuliona, na hata katika hofu yake sikio la fundi likamwambia kwamba injini iko safi. Kisha baba yake akapita, mgongo umenyooka, koti limefungwa mpaka shingoni.

"Baba! Baba!"

Mzee alimwona. Akainua mkono mmoja kwa heshima kubwa, kama afisa anayekagua gwaride, akaenda zake kuelekea Mkuyuni.

Bodaboda wa kwanza aliyemkuta aliitwa Gidion. "Mfuate yule mzee," Adoyo alisema akiwa ameshapanda.

"Mwizi?"

"Baba yangu. Gurudumu lake linachomoka."

Gidion hakuuliza bei. Walipita Mkuyuni wakichomeka katikati ya magari, wakapita Butimba, tukutuku likionekana na kupotea nyuma ya malori. Lilikuwa linakwenda vizuri, ole wake, lilikuwa linakwenda kuliko lilivyokwenda miaka ishirini, na mzee alikuwa anafaidi. Kila kituo Adoyo alitegemea kuona watu wamekusanyika barabarani. Alikuwa anasali kwa sauti bila kujijua, Kiswahili na Kijaluo vimechanganyika. Walipopita Nyegezi wakamkaribia, na Adoyo akaona alichokuwa anakiogopa. Ncha ya ekseli ilikuwa imetokeza nje upana wa kidole. Gurudumu lilikuwa linayumba, kidogo tu, mtu mwingine asingeona. Na chini ya mlio wa injini kulikuwa na sauti ndogo ya kugonga: ko, ko, ko.

"Nimpite nimzibie?" Gidion aliuliza.

"Hapana! Ukimzibia atashika breki ya mbele. Akiishika tu, amekwisha."

"Sasa tufanyeje, dada? Kule mbele ni mteremko wa kwenda Buhongwa, na chini kuna matuta!"

Matuta. Kila mtu hushika breki akifika kwenye matuta. Mzee angefika pale kwa mwendo wake, angeona lile tuta la kwanza, na mkono wake wa kulia ungefanya kile ambacho mkono wa dereva hufanya.

"Nisogeze ubavuni kwake," Adoyo alisema. "Taratibu. Usimshtue."

Waliingia mteremkoni sambamba na gurudumu la nyuma la tukutuku. Adoyo alifungua mdomo akaufunga. Akimwambia simama, atashika breki. Akimwambia gurudumu, ataangalia chini, atashtuka, atashika breki. Akimwita baba, atapunga mkono. Katika dunia nzima lilikuwapo neno moja tu la kumsimamisha Jonathan Odongo bila breki, na neno hilo Adoyo alikuwa amemnyima kwa miaka kumi na moja, akijivunia kumnyima, sikukuu baada ya sikukuu, hata siku ya mazishi ya bibi. Lilimkwama kooni. Hata hapo, na matuta yanaonekana, lilimkwama, na alijua kuwa kama akichelewa kwa ajili ya kiburi hatajisamehe mpaka kufa.

"Shikamoo, baba!"

Sauti ilimtoka kali, ya kitoto, kama ya yule aliyekuwa nyuma ya minyaa.

Kichwa cha mzee kikageuka nusu. Adoyo aliona mkono wa kulia ukiachia mafuta. Injini ikashusha sauti. Gia ikarudi moja, ikarudi nyingine, tukutuku likanguruma kwa kuzuiwa, likapungua, gurudumu likayumba zaidi jinsi mwendo ulivyopungua, ko, ko, ko, sasa hata Gidion alilisikia. Likaacha lami likaingia kwenye changarawe. Likaenda mwendo wa mtu anayetembea. Likaenda mwendo wa mtoto. Hatua kumi kabla ya tuta la kwanza, mzee akatua mguu wa kushoto, akatua mguu wa kulia.

"Marahaba," alisema.

"Usiguse breki," Adoyo alisema. Alikuwa ameshashuka, amepiga magoti kwenye changarawe, ameishika ekseli kwa mikono miwili kana kwamba ingekimbia. "Zima. Shuka upande huu. Usiguse kitu."

Mzee alizima, akashuka, akainama kutazama. Ekseli ilikuwa imebaki imeshikwa na mizunguko ya uzi labda miwili tu. Aliitazama muda mrefu. Kisha akatembea mpaka kwenye jiwe lililokuwa kando ya barabara, akaketi.

Adoyo hakujificha. "Ni kosa langu," alisema. "Boliti haikukaa. Yakobo aliniambia imelegea, nikasikia imerejea. Ningerudi kuangalia kwa macho yangu kabla ya kukwambia nenda. Sikurudi. Nilitaka sana kukwambia liko tayari." Akaionyesha ekseli kwa kidole. "Ningekuua."

Gidion, ambaye alikuwa na akili, alisogea mbali akajifanya anakagua cheni yake.

Adoyo akaanza kazi. Akaifuta ekseli vumbi, akairudisha ndani. Kisha akasimama akaangalia usukani, akamwangalia baba yake. "Lazima lipige magoti tena. Sina wa kunishikia."

Mzee akainuka. Akashika breki ya mbele, ile ile, akaegemeza uzito wake upande mmoja wa usukani, binti upande wa pili, wakalikandamiza pamoja. Moja. Mbili. Shokapu zilishuka na kupanda kimya kimya, hakuna tone la oili. Mzee alihesabu mpaka kumi. Adoyo akaikaza ekseli, akatoa mfukoni boliti ya Bernadeta, akaingiza, akazungusha. Ikashika. Akaikaza mpaka spana ikagoma, akaijaribu kwa vidole, akaijaribu kwa koleo, akaijaribu tena.

"Na sasa?" mzee aliuliza.

"Sasa liko tayari. Angalia mwenyewe."

Mzee aliinama akaijaribu kwa kidole chake. Haikucheza. Akabaki ameinama.

"Ile shikamoo," alisema bila kuinua uso, "ilikuwa ya boliti."

Adoyo angeweza kudanganya, na wakati ule uongo ungekuwa mtamu. "Ndiyo," alisema. "Ile ilikuwa ya boliti."

Mzee akatikisa kichwa polepole kukubali, kama mtu aliyekuwa amekwisha kulijua. Akaanza kufunga vifungo vya koti lake, ambavyo vilikuwa vimefungwa. Adoyo akaifuta mikono yake kwa kitambaa, akaifuta vizuri, kidole kwa kidole. Injini ilikuwa imezimwa. Hakuna aliyekuwa juu ya magurudumu. Akashusha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Mzee kwanza alivua helmeti, akaishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, nywele zake nyeupe zimelala kwa jasho.

"Marahaba," alisema, "fundi."

Kisha akasema kwamba miguu inamtetemeka na kwamba hataki Chenge amwone hivyo. Akalizunguka tukutuku lake, akapanda nyuma, juu ya kile chuma ambapo zamani alikuwa anafunga magunia ya mbegu za pamba, akaketi akisubiri. Adoyo alichelewa kuelewa. Alipoelewa, alipanda mbele, akapiga kiki mara moja tu, na mikono ya baba yake ikamshika koti kiunoni.

Walifika Usagara jua linaelekea magharibi. Pale walipoiacha lami kuingia njia ya kwa Chenge, msichana mmoja aliyebeba ndoo alisimama kando, akamwona mzee.

"Shikamoo, babu!"

Mzee alimgonga Adoyo begani. "Simama."

Adoyo akaachia mafuta, akarudisha gia, akaliacha lichoke lenyewe, akatua miguu yote miwili. Hatua ishirini mbele, nyuma ya minyaa, watoto wengine wanne walikuwa wanasukumana wakicheka. Kila mmoja alipewa marahaba yake, na walifika kwa Chenge wamechelewa sana.